Sanduku la visukuku vya kombe na konokono wa maziwa ya kale, Mtwara mjini

Walimu wa jiografia wa Lindi na Mtwara, pamoja na vijana wanaosomea jiolojia, wamekuwa wakiulizana kuhusu sanduku linalouzwa na muuzaji mmoja wa Mtwara mjini. Ndani yake kuna sampuli kumi na mbili, nyingi zikiwa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye miamba) vya konokono na kombe za maziwa ya kale, kijitabu cha kurasa 16, lenzi ya mkononi ya mara kumi, kichupa cha kudondoshea na chujio. Bei ni shilingi 120,000.

Kwa kumfundisha mwanafunzi kuyatambua maumbo, sanduku hili linafaa, na hela yake si ya kupotea. Lakini juu ya kifuniko imeandikwa kwamba ni la kufundishia umri wa miamba. Kwa kazi hiyo halijakamilika, na kijitabu kina makosa mawili ambayo mwanafunzi akiyakariri atayabeba hadi kwenye chumba cha mtihani.

Tuanze na yaliyo mazuri. Konokono ni wazima, hawajavunjika mdomo, na kila jamii iko peke yake. Mzuri kuliko wote ni namba 3, Lanistes. Mshike ncha ya gamba ikitazama juu na mdomo ukikutazama wewe. Mdomo uko mkono wa kushoto. Geuza vyovyote utakavyo, mradi ncha ibaki juu, mdomo hautahamia kulia. Konokono wengi wa majibaridi wa Afrika Mashariki mdomo wao uko kulia, akiwemo Pila anayefanana naye kwa unene na uduara, kwa hiyo alama hii moja inatosha kuwatenganisha hata gamba likiwa limechakaa. Mtoto wa kidato cha kwanza anaiona bila kuelezwa mara mbili.

Namba 1 ni Melanoides, mrefu na mwembamba, mizunguko yake ina mistari ya kulala na matuta ya kusimama yanayokatana hadi yanaacha chunjua ndogo. Namba 2 ni Bellamya, mizunguko imevimba kama imepulizwa. Namba 4 na 5 ni kombe za jamii ya Coelatura na Mutela, na ndani yake bado mng'ao wa lulu upo. Namba 6 ni kipande cha Etheria, chaza wa mtoni. Huyu hujigandisha kwenye mwamba mahali penye maji yanayokwenda na hewa ya kutosha. Ukimkuta katikati ya udongo laini wa ziwa, huenda mto uliingia hapo karibu. Kijitabu kimelieleza hili vizuri, na picha zake ni safi.

Tatizo ni lebo. Sampuli kumi kati ya kumi na mbili zimeandikwa "Ziwa la kale, Afrika Mashariki", basi. Hakuna jina la mahali, hakuna kina, hakuna tabaka, hakuna tarehe ya kuokotwa. Kwa pambo la kabatini hilo halina neno. Kwa kupanga umri wa miamba, kisukuku kisicho na tabaka hakisemi chochote, kwa sababu umri hausomwi kwenye gamba kama mtu anavyosoma tarehe kwenye kopo la maziwa. Husomwa kwenye mpangilio: nini kiko chini, nini kiko juu, na nini kimefuatana na nini.

Kwa kombe za ziwani jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa kombe za bahari. Bahari zimeungana, amonaiti mmoja (mnyama wa bahari aliyetoweka, jamaa wa ngisi mwenye gamba) aliweza kuenea pwani nyingi kwa muda mfupi kisha akatoweka, kwa hiyo akionekana Lindi na akaonekana India, tabaka zile mbili hulinganishwa. Ziwa ni kisiwa cha maji. Konokono wake hubadilika kwa njia yao, na pengine hawabadiliki kabisa: Melanoides wa kwenye sanduku hili ana ndugu wanaotambaa leo hii kwenye vijito na maziwa yetu. Anayekwambia "nimeona Melanoides, basi mwamba huu una miaka milioni mbili" anakudanganya. Konokono wa ziwani wanatumika kwa makundi, siyo mmojammoja: unahesabu jamii zote za tabaka moja, unatazama ipi imeingia na ipi imetoka, kisha unalinganisha na tabaka za upande wa pili wa ziwa lilelile. Halafu unatafuta majivu ya volkano, juu au chini ya zile kombe, yakupe miaka.

Mfano unaofundishwa duniani kote ni wa Ziwa Turkana, Kenya. Peter Williamson alipochapisha kazi yake mwaka 1981 kuhusu moluska wa tabaka za mashariki mwa ziwa hilo, nguvu ya kazi ile haikuwa kwenye uzuri wa magamba tu. Kila kundi la kombe lilikuwa na mahali pake kwenye mfuatano wa tabaka, na kati ya tabaka hizo kulikuwa na majivu ya volkano yanayopimika. Watu bado wanabishana kuhusu maana ya mabadiliko aliyoyaona, lakini wanaweza kubishana kwa sababu lebo zipo.

Sanduku lina kipande cha majivu ya volkano yaliyogandamana, namba 12, nacho hakina lebo ya maana. Hapa palikuwa na nafasi nzuri ya kufundisha ikapotea. Tabaka la majivu linaloitwa KBS, la hukohuko Turkana, lilipewa kwanza umri wa karibu miaka milioni 2.6. Visukuku vya nguruwe waliokuwa kwenye tabaka hizo vikakataa, kwa kuwa vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, ambavyo ni vya karibuni zaidi. Vipimo vikarudiwa, vikatulia kwenye miaka milioni 1.88 hivi. Majivu yakisombwa na mto huchanganyika na punje za miamba mikongwe, na punje chache tu zinatosha kuuzeesha mwamba. Kwa hiyo kisukuku na maabara hukaguana. Mwalimu akilisema hili huku ameshika namba 12, somo linaeleweka kwa dakika tano.

Sasa namba 9, ambayo ndiyo inayotusikitisha zaidi kwa sababu ni ya nyumbani. Lebo inasema "kombe ya ziwa la kale". Itazame: pembetatu, gamba nene, matuta manene upande mmoja, na bawaba yenye meno makubwa yaliyochanjwa mistari. Hiyo ni jamii ya Trigonia, na Trigonia ni wa bahari. Hakuna ziwa hapo. Kwa watu wa Lindi kosa hili halistahili kupita, kwa sababu jamii hii ni ya tabaka za bahari zilizotupa umri wa dinosaria wa Tendaguru.

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi ukipiga mstari ulionyooka. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiongoza mwanzoni, na Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wa kutegemewa wa uchimbaji. Mizigo ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne. Watu wanakumbuka mifupa. Wanasahau kwamba tabaka za mifupa zimelaliana na tabaka za kombe za bahari kwa zamu, kama mikeka iliyorundikwa. Ukianzia chini unapata tabaka la chini la dinosaria, kisha la konokono Nerinella, kisha la kati la dinosaria, kisha la kombe Indotrigonia africana, kisha la juu la dinosaria, na juu kabisa la kombe Rutitrigonia. Mifupa peke yake haikuweza kutoa umri. Tabaka za bahari, zenye amonaiti na viumbe wengine wa bahari, ndizo zilizoweza. Tabaka la Indotrigonia ni la mwisho wa Jurasiki. La Rutitrigonia ni la mwanzo wa Kretasia. Mpaka wa enzi hizo mbili uko karibu miaka milioni 145 iliyopita. Na ndani ya tabaka za dinosaria zenyewe kuna ostrakodi (vijinyama vya majini vyenye magamba mawili) na mbegu za mwani wa majibaridi, ushahidi kwamba bahari iliporudi nyuma palibaki vidimbwi na maji yaliyotulia.

Kwa maana hiyo namba 9 ingekuwa sampuli bora kuliko zote sandukuni, laiti ingewekwa mahali pake: kombe ya bahari inayoipa umri tabaka ya nchi kavu iliyo chini yake. Anayeinunua asiitupe. Aandike lebo mpya, na akikuta kwenye vitabu vya zamani jina "Trigonia smeei" kwa tabaka lile la Tendaguru, ajue ndilo hilohilo linaloitwa sasa Indotrigonia africana. Tahadhari nyingine kwa wanaotembelea Tendaguru: Nerinella kwa nje anaweza kukuchanganya na Melanoides, wote warefu wembamba. Tafuta aliyevunjika kwa urefu. Nerinella ndani ana mikunjo inayoingia kwenye nafasi ya mzunguko, Melanoides ndani ni laini.

Kuhusu kijitabu. Kosa la kwanza liko kwenye ukurasa wa 11, panaposemwa kwamba umri wa kombe yoyote hupatikana kwa kupima strontiamu, elementi inayoyeyuka majini na kuingia kwenye gamba. Njia hiyo ni nzuri sana kwa kombe za bahari, kwa kuwa maji ya bahari yamechanganyika dunia nzima na uwiano wa aina mbili za strontiamu hubadilika polepole kwa pamoja. Ziwa linachukua strontiamu ya miamba inayolizunguka. Kombe mbili za mwaka mmoja, moja ya ziwa lililozungukwa na matale ya zamani na nyingine ya ziwa la volkano changa, zitakupa majibu mawili tofauti kabisa. Kwa kombe ya ziwani kipimo hiki kinakwambia maji yalitoka wapi. Miaka hakikupi.

Kosa la pili ni kuhusu kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita. Kijitabu kinasema inapima "mpaka mamilioni ya miaka". Nusu ya kaboni 14 hupotea kila miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Kombe yenye umri wa milioni ukiipeleka, jibu litakalorudi ni ukomo wa mashine, au namba ya uongo iliyotokana na uchafu mdogo wa kaboni ya leo. Tena kijitabu hakitaji kabisa tatizo la maji ya chokaa, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Maji yanayopita kwenye chokaa huyeyusha kaboni mfu isiyo na kaboni 14 hata chembe. Konokono anajengea gamba lake maji hayo. Matokeo yake, konokono aliyekufa jana anaweza kusomeka ana miaka mamia, hata maelfu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya chokaa na matumbawe, basi konokono wa chemchemi ya huku ni mfano tosha. Marekebisho hufanywa kwa kupima gamba la ziwa hilohilo lililookotwa mnyama akiwa hai kabla ya mwaka 1950, maana majaribio ya mabomu ya nyuklia baada ya hapo yaliongeza kaboni 14 hewani na kuvuruga hesabu.

Kuna jambo ambalo mnunuzi hawezi kuliona kwa picha za simu: namba 2, 3 na 8 zimepakwa vanishi ya mbao. Zinang'aa, zinavutia, na haziwezi tena kupelekwa maabara bila kusafishwa kwa kina. Vanishi ina kaboni yake. Ikiwa imetokana na mafuta ya petroli, haina kaboni 14 na itaizeesha sampuli. Ikiwa imetokana na mimea, itaipa ujana isio nao. Isitoshe inaziba vinyweleo, na huwezi kuona kama gamba ni la asili au limebadilika.

Kubadilika huko kuna kipimo rahisi, na lenzi iliyomo sandukuni inatosha. Konokono na kombe nyingi za majibaridi hujenga gamba kwa aragonaiti, aina moja ya fuwele za kabonati ya kalsiamu. Maji ya ardhini yakipita miaka mingi, aragonaiti huyeyuka na kalsaiti, aina nyingine ya fuwele hizo, huingia mahali pake, ikibeba kaboni ya baadaye. Tafuta ukingo uliovunjika, uelekeze kwenye jua, tazama kwa lenzi. Ukiona safu nyembamba zinazopishana, au mng'ao wa lulu, gamba huenda bado ni lake. Ukiona punje zinazometameta kama sukari, limegeuka, usilipeleke kwa kaboni 14. Namba 4 na 5 zimefaulu. Namba 7, Corbicula, imegeuka yote. Namba 8 siyo gamba kabisa: ni tope lililojaa ndani ya konokono likaganda kuwa jiwe, kisha gamba likayeyuka. Ni sampuli halali na ya kufundishia, mradi lebo iseme hivyo.

Kichupa cha kudondoshea kinakuja kitupu. Siki nyeupe ya dukani inatosha, lakini kamwe usidondoshe juu ya sampuli. Kwangua unga kidogo kwa ncha ya msumari, uweke kwenye kipande cha kioo, udondoshe tone moja, utazame kwa lenzi. Povu dogo la polepole maana yake ni kabonati ya kalsiamu. Pakitulia kimya, huenda gamba limegeuzwa kuwa silika, au limeigizwa kwa plasta ya jasi.

Namba 11 ni kichupa cha udongo wa ziwani wenye ostrakodi, na kwa maoni yetu hiki peke yake kinalipa nusu ya bei. Ostrakodi ni jamaa wa kamba, mdogo, wengi hawafiki milimita 2, anayeishi ndani ya magamba mawili kama kunde iliyopasuliwa. Kwenye kiini cha udongo kilichochorongwa kwa ajili ya kisima, kipenyo cha sentimita chache tu, ni bahati kubwa kupata konokono mzima. Ostrakodi unaweza kuwapata kwa mamia.

Lakini chujio lililowekwa ni chujio la chai. Matundu yake yatapitisha ostrakodi karibu wote, na mwalimu ataona maji machafu yakienda na kubakiwa na mchanga mtupu. Kinachotakiwa ni chekeche ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na juu yake ya mikroni 500 ya kuzuia mawe na mizizi, ambayo nayo itazamwe kwa sababu ostrakodi wakubwa hukwama humo. Chukua gramu 100 za udongo, ukaushe juani hadi ukauke kabisa, kwa sababu mfinyanzi mkavu hupasuka vizuri ukirudi majini. Loweka kwenye maji yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwa saa 24. Udongo ukiwa mweusi wa mboji, tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3, usiiache zaidi ya saa chache, maana ina uchachu kidogo na hula magamba membamba. Usichemshe. Usisugue kwa vidole kwenye chekeche, ndiyo sababu kubwa ya kupata vipande vitupu. Acha maji ya bomba yafanye kazi kwa nguvu ndogo hadi yatoke meupe, kausha kivulini, kisha okota mmojammoja kwa brashi nyembamba ya kuchorea iliyoloweshwa ncha. Kabla ya sampuli nyingine, osha chekeche uichovye kwenye methilini bluu: ostrakodi waliokwama watageuka bluu, na ukiwaona kesho utajua si wa sampuli mpya.

Chunguza pia jozi. Magamba mawili yakiwa yamefungana, huenda mnyama alizikwa haraka palepale alipofia. Yakiwa mojamoja, yamesagika kingo, na tope lililomo ndani lina rangi tofauti na la nje, huenda yamesombwa kutoka tabaka la zamani zaidi. Kisukuku kilichohama kitakupa umri wa kule kilikotoka. Hili hata wenye uzoefu huwapita.

Mwisho ni sanduku lenyewe. Ni la plaiwudi, lina harufu ya gundi, sampuli sita zimebandikwa kwa supagluu na kioo cha kifuniko kimezungushiwa silikoni inayonuka siki. Kwa hewa ya Mtwara yenye unyevu mwaka mzima, mchanganyiko huo ni hatari. Mbao mpya, gundi ya plaiwudi na silikoni ya aina hiyo hutoa mvuke wa asidi, mvuke huo hula kabonati, na juu ya gamba hutokea unga mweupe kama chumvi. Waingereza waliuita ugonjwa wa Byne, kwa jina la aliyeueleza mwaka 1899. Dalili ya kwanza ni mng'ao kufifia. Uso ukishaliwa haurudi. Siku ya kwanza tu hamishia sampuli kwenye vikopo vya plastiki vya chakula, weka ndani yake vifuko vya silika jeli vile vinavyokuja na viatu, na sanduku litumike kubebea vitabu. Zilizobandikwa zitoke kwa asetoni: ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, hakikisha imeandikwa asetoni, paka kwa pamba kuzunguka ukingo, subiri, rudia. Usizing'oe kwa kisu, bawaba ya namba 5 ni nyembamba mno.

Kwa anayeagiza kutoka Lindi au Masasi, mwombe muuzaji afunge Etheria peke yake kwa tishu na kuiweka juu, siyo chini ya jiwe la namba 12. Kabla ya kulipa, mwombe mambo matatu: mahali kila sampuli ilipookotwa na tabaka lake, kibali cha ukusanyaji, na sampuli zisizo na vanishi. Muuzaji anasema orodha ya mahali ipo na ataiambatanisha kwa atakayeiomba. Iombwe na kila mnunuzi, na ikifika, namba iandikwe kwa wino wa kudumu kwenye sampuli yenyewe, mahali pasipo na alama muhimu, kwa sababu lebo ya karatasi huliwa na mende kabla ya muhula kuisha.